Meneja wa Hoteli Isiyo na Paa

Ayoo, weka chai chini. Kipkurui wetu amekwisha.

Unajua Jumamosi Shangazi Phyllis anapanda ile meli ya watalii Mombasa, safari aliyoiota tangu kabla hatujazaliwa. Lakini tangu dhoruba ipige huko, kila hoteli anayopigia apate pa kulala kabla ya kupanda imejaa au imebomoka.

Basi Kipkurui, mwenye huruma nyingi, akampigia kwa laini yake mpya ambayo Shangazi haijui, kwa sauti nzito ya mhubiri: "Mama, ulikuwa unatafuta chumba? Mimi ni meneja. Chumba kipo. Paa ndilo halipo. Uje na mabati yako."

Mabati yake, Ayoo! Tulicheka nyuma ya jiko mpaka tukakaa chini.

Shangazi hakucheka. Alilia. "Huyo kijana amenyeshewa, na bado ananikaribisha!"

Leo akina mama wa kanisa, Kapkatet yetu nzima, wamejaa sebuleni. Wameleta mabati. Wameleta misumari. Na Shangazi akasimama, akatangaza: "Meli iende bila mimi. Hiyo nauli ijenge paa la yule mtoto."

Kipkurui alikuwa anagawa mandazi. Akafungua mdomo aungame, kikatoka kikohozi.

Mwenyekiti wao akasema, "Tumpigie sasa hivi, tumwombee." Wote wakafumba macho. Shangazi akabonyeza simu.

Unaukumbuka ule mlio wake wa ng'ombe?

Ng'ombe akalia katikati ya maombi, mfukoni mwa Kipkurui. Akalia tena.

Shangazi akafumbua jicho moja. "Meneja," akasema, "si upokee?"