Tufe Juu ya Ngata

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Sijamwambia mtu. Si mama, si Shamsia ninayekaa naye dawati moja. Lile kovu kwenye tufe la kaka Hemedy nimelitia mimi.

Urbano hana kosa. Ni mimi.

Ngoja niandike vizuri, maana hapa hakuna wa kunicheka. Kaka alikuwa akifanya kazi kwenye ukumbi wa boling huko Dar — ule mchezo wa kubingirisha tufe zito liangushe vigogo kumi. Matufe yakichezewa sana yanakwaruzika na kunyonya mafuta ya sakafu, basi hayaendi tena sawasawa. Dawa yake ni kuyapiga msasa huku yanazunguka. Meneja akasema atamjaribu kaka kwa tufe moja. Likirudi Jumapili hii linang'aa, ataletewa yote, afanyie kazi hapa hapa Kibiti. Urbano, mwenzie wa kazini, ndiye aliyelipandisha basi. Nililipokea mimi stendi, kaka alikuwa Ngorongo kwenye ufuta. Zito! Mama akasema lifunike khanga, watu wasije wakadhani mambo mengine.

Nami nikajifanya fundi. Nikatoa mota ya pangaboi lililovunjika mapanga, nikaigeuza chini juu, nikalikalisha tufe. Likazunguka! Nikashika msasa mkavu, ule wa seremala, nikakandamiza pahala pamoja. Mota ikasita. Nikazidi kukandamiza. Nilipotoa mkono — mstari mweupe, kama tufe limevaa mkanda.

Nikalifunika tena.

Kaka aliporudi akapiga ukelele. Akampigia Urbano papo hapo: umeliburuza kwenye lami, kenge wewe! Urbano akaapa kwa Bikira Maria kwamba alilipakata mpaka kwenye basi. Mie nimesimama mlangoni na sahani ya mihogo. Nikaitua mkekani, nikatoka.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Mambo yamekuwa makubwa.

Kaka kasema kovu lile halitoki kwa mkono, lazima mashine ya dukani. Ameiona Kariakoo, imetoka Uchina. Hela hana. Mama akatafuna kwanza akamaliza, kisha akasema: basi tuuze cherehani, macho yangu yenyewe yameshachoka.

Muongo mama! Juzi ametunga uzi kwenye sindano mara moja tu, bila miwani, huku anaongea.

Fundi mmoja wa Ikwiriri anakuja kuichukua Jumamosi. Kaka keshampigia. Haraka gani hiyo?

Nikasema — nilisema kweli — "Inaweza kutengenezwa." Ilitoka kama pumzi.

"Nini?"

"Mashine. Naweza kuitengeneza mimi."

Kaka kacheka mpaka kapaliwa na wali. "Hajira! Kuitikia mahudhurio darasani tu kunakushinda, leo unataka kuunda mashine?" Mama akamwambia muache mwenzio. Lakini na yeye alitabasamu, nimemuona.

Haya. Chekeni. Naandika kwa wino: CHEREHANI HAIUZWI. Nimepiga mstari chini mpaka karatasi imetoboka.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Madam Elinipendo wa fizikia kanikamata nachora katikati ya kipindi. Akaliinua daftari, nikajua leo ndio leo. Akauliza hii ni nini. Nikamjibu kwa Kiingereza, moja kwa moja, bila kugugumia. Sijui kwa nini. Nikisema Kiingereza ni kama anasema msichana mwingine, mimi nimejificha nyuma yake.

Hakunichapa. Mapumziko kaniita ofisini, kanipa simu yake nisome. Kuna mzee huko ng'ambo kajitengenezea mashine yake na kueleza yote, Kiingereza kitupu, kurasa na kurasa. Msasa wa maji. Mkono mwepesi. Tufe unaligeuza kila baada ya muda, upande huu, upande ule, mpaka pande sita, halafu unaanza upya na msasa laini zaidi.

Mie nilibana upande mmoja, mkavu, kwa msasa wa kusugulia milango! Kosa lilikuwa la mkono wangu. Kwa mashine nyingine yoyote ningeliharibu vile vile, hata kwa hiyo ya Uchina.

Madam kauliza nguvu utaitoa wapi, mota ya feni haiwezi. Nikasema miguuni. Akaniangalia kidogo. "Endelea."

Jioni nikaenda kwa Mzee Abdalah, fundi baiskeli. Shikamoo yangu hakuisikia, nikarudia mara tatu. Nikaomba habu mbovu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma.

"Habu bila gurudumu? Mjukuu wangu, wewe utapanda nini?"

"Sipandi. Nataka kuzungusha tufe."

"Lile dude la kaka'ko?" Akawageukia wenzie. "Jamani, huyu anataka kulipeleka shamba kwa pedali!" Wakaangua kicheko wote. Masikio yaliniwaka moto, ila miguu haikuondoka. Nimerudi nayo, na vipande vitatu vya tyubu juu yake.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mkanda unatoka! Umetoka mara kumi na tisa.

Cherehani sijaifungua kitu. Nimevua tu mkanda wake na kutia wangu wa tyubu, kutoka gurudumu la chini la kukanyagia mpaka kwenye habu niliyoisimamisha kwenye ubao. Gurudumu limekaa wima, habu inazunguka kama sahani, kwa hiyo mkanda unapinda njiani. Ukipinda vibaya, unaruka.

Saa kumi nikagundua. Habu isogee kushoto, mkanda uingie umenyooka, ukitoka upinde utakavyo. Upana wa vidole viwili tu! Haujaruka tena.

Sasa tufe lenyewe linayumba. Nimelikalisha kwenye bakuli, linateleza. Kwenye kopo, linaruka. Nikakaa chini nikalia kidogo. Dirishani nikamuona mama akipita uani na ndoo kichwani, mikono yote miwili inafunga khanga, ndoo wala haitikisiki.

Ngata!

Kitu cha mviringo juu ya kitu cha mviringo — wanawake wa hapa wamebeba hivyo tangu lini? Nimesokota ngata ya khanga kuukuu, nimeizungushia tyubu ili ishike na isinywe maji, nimeifunga juu ya habu. Tufe limekaa kama limezaliwa pale.

Kaka kaingia na habari: kamweleza meneja kuhusu kovu, na Urbano kasimamishwa kazi mpaka ukweli ujulikane.

Sikula.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Wanaume wako msikitini, mama kaenda kwa jirani kusaidia kuchambua mchele wa shughuli. Sikwenda shule mchana — nayo naiandika, liwalo na liwe.

Nikakanyaga. Tufe likaanza polepole, likakolea, likawa kama limesimama huku linakwenda. Msasa wa maji nimepewa na wapiga rangi magari. Mkono mwepesi. Maji meupe yakachuruzika kama ya kuoshea mchele. Nikageuza. Upande wa pili. Wa tatu. Kovu likaanza kupauka!

Tatizo miguu. Nikitazama mkono, mguu unasahau. Nikikumbuka mguu, mkono unabana.

"Unakanyaga kama unaua mende."

Mama! Kasimama mlangoni, pepeto mkononi. Nikadhani atanirukia. Kaiangalia cherehani yake, mkanda, ngata, lile dude linalodondosha maji sakafuni. Akaweka pepeto chini.

"Sogea."

Akakaa kwenye kigoda chake na kuvua ndala. Lo, mguu wa mama! Miaka ishirini ya kushona sare na magauni ya maharusi iko kwenye ule mguu. Tufe likazunguka bila kusita hata mara moja. Yeye anakanyaga, mimi napiga msasa. Mpaka alasiri kovu limebaki kama unywele, lazima ujue lilipo ndipo ulione.

"Kumbe kovu la Urbano linatoka," mama akasema. "Kaka'ko akiliona hili, hauzi kitu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Palikuwa na nafasi kabisa, mama alikuwa anajifuta miguu tu.

Nikisema, kaka atasema: unaona, hizo ndizo mashine zako, zinaharibu kisha zinatengeneza — na cherehani inakwenda. Nikinyamaza, cherehani inabaki, na Urbano anabaki kenge.

Nilisema nakwenda kumwaga maji.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Mnunuzi kafika mapema, anakunywa chai barazani. Kaja na guta la kubebea.

Asubuhi kaka kaliona tufe. Kalishika kama yai. "Limetoka! Nani kafanya?" Mama akanionyesha kwa kidevu. Kaka kaizunguka mashine mara mbili, kaigusa ngata, kacheka, lakini kicheko kingine. Halafu akasema: sawa, ila ya dukani ina uhakika, hii ya ngata itakuja kutuharibia tufe la watu. Mama akasema, mbona haijaharibu? Ijaribuni mbele ya huyo mgeni, ikikosea nitaipakia cherehani mwenyewe.

Mbona haijaharibu. Ya ngata haijaharibu, ila mkono wangu umeharibu; mama kaweka cherehani yake rehani bila kulijua hilo, na kwa ajili yangu.

Nimeingia chumbani kuandaa. Maji yapo. Msasa upo. Mkanda umekaza. Naandika juu ya meza ya cherehani.

Nimeamua. Mashine yangu ni nzuri! Iko imara kuliko mimi. Wakitaka kuiuza cherehani waiuze wakijua yote: kwamba niliharibu, nikasoma, nikatengeneza. Sitaki ibaki kwa sababu nimenyamaza. Na Urbano arudi kazini leo, si kesho.

Wanakuja. Ndala za mama, viatu vya kaka, na mgeni anakohoa. Namba ya Urbano nimeiandika hapa pembeni, kubwa, ili kaka asianze kuitafuta.

Pazia limefunguliwa. Kaka anauliza naandika nini.

Daftari sijalifunika.