Herufi Kubwa za Shemeji

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. U hali gani huko kwenye baridi? Kifua chako kimepata nafuu? Sisi hatujambo, ila goti langu, na hilo umelizoea.

Nakuandikia juu ya jiwe la kaburi la mama. Shemeji yetu, mume wa dada yako wa kati, amejitwika kazi ya kuandika maneno, tena kwa Kiingereza, kwa sababu eti anavaa tai. Mimi niliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja sikuulizwa.

Jana nilipita kwa fundi wa kuchonga mawe nikaiona karatasi. Nilicheka mpaka nikaona haya. Mtoto wa darasa la nne anajua: herufi kubwa huanza sentensi, jina la mtu, la mahali, siku na mwezi. Shemeji amezigawa kama peremende; nakutafsiria. Mkurugenzi, kubwa. Mstaafu, kubwa. Mkwe Mpendwa, kubwa zote mbili. Hata "na" ameipa cheo, kwa kuwa imetangulia jina lake! Kiingereza huandika "mimi" kwa herufi kubwa hata katikati ya sentensi. Nadhani hiyo ndiyo kanuni pekee iliyomwingia kichwani. Debe tupu haliachi kuvuma.

Na mama? Yuko chini kabisa, jina lote kwa herufi ndogo, kama mpita njia.

Nilimwomba fundi arekebishe. Akajipangusa vumbi. "Mwalimu, mimi nachonga nilichopewa. Mtoto wa kiume akishakubali, karatasi siigusi tena."

Akanionyesha kwenye simu ujumbe aliopelekewa na shemeji. Ni wewe: "Safi sana, shemeji." Hukusoma hata mstari mmoja! Shemeji namdharau tu, na nimeshazoea. Wewe umeniumiza.

Unaukumbuka mfuko wako wa shule? Mama hakujua kusoma. Aliniomba nimchoree herufi ya kwanza ya jina lako, akaidarizi kwa uzi mwekundu, ikajaa mfuko mzima. Ndiyo herufi pekee aliyowahi kuandika maishani mwake, na aliiandika kubwa.

Shangazi anakusalimu, na wapwa zako, na dada yako wa kati, ambaye maskini hana kosa. Mungu akufungulie macho na akutunze.

Fundi anaanza kuchonga Jumatano. Mpigie, mama naye apate herufi kubwa yake.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada Mkubwa