Kikohozi cha Mume Wangu Ndani ya Filamu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijavunja kitu. Mimi na baba watoto tuna duka la kunakilia watu filamu kwenye flash, leseni ina jina langu kwa sababu yeye hapendi foleni, yeye anatafuta mafaili nami nakaa kaunta, na juzi kinyozi wa mlango wa pili alichukua filamu mpya iliyoandikwa WEB-DL 1080p ya kuwaonyesha wateja wanaosubiri zamu, mara akarudi anacheka, ananiambia, "Shemeji, mbona mumeo anakohoa sinema nzima?" Nikamwambia acha utani wako, akasema, "Utani? Njoo usikie, wateja wangu wote wanampa pole." Nikaenda, mshauri, nikakaa kwenye kiti cha kunyolea, nikasikia. Kikohozi kile nimelala nacho tangu niolewe, kinaanza kama mtu anakwangua sufuria kisha kinamalizia kwa mluzi, na kila akikohoa picha inatikisika, nadhani flash ya kinyozi ni mbovu, na pembeni yake mwanamke anacheka, kicheko cha chini chini, cha mtu aliyezoea. Filamu hiyo ilipoanza kuonyeshwa kwenye ukumbi wa sinema, aliniaga anakwenda kwa shangazi yake kumtengenezea televisheni. Nilipomuuliza akajibu, "Mke wangu, WEB ndivyo zilivyo, zinakuja na sauti za watu humo humo, kwani wakohozi duniani ni mimi peke yangu?" Nikampigia shangazi kumjulia hali, nikachomekea la televisheni, akasema, "Televisheni ipi, mwanangu? Mimi nasikiliza redio." Wifi yangu ananionya nisibomoe nyumba kwa ajili ya kikohozi. Niambie jambo moja tu: faili la WEB linaweza kuwa na watu wanaokohoa ndani yake? Kama linaweza, nitamwomba radhi. Kama haliwezi, basi nimemshika na mwanamke.

Mama wa Kaunta

*

Mama wa Kaunta,

Haliwezi. WEB-DL maana yake faili limechukuliwa kama lilivyo kwenye mtandao unaoonyesha filamu. Halikupita ukumbini, kwa hiyo hakuna wa kukohoa wala wa kucheka ila waigizaji. Lililoandikwa BluRay limetoka kwenye diski, nalo ni hivyo hivyo. Lenye vikohozi, vichwa vya watu na mtu anayepita kwenda chooni huitwa CAM: mtu ameingia na kamera akarekodi skrini. Lipo na TS, ambalo picha yake ni hiyo hiyo ya kuibia, ila sauti imevutwa kutoka kwenye mitambo ya ukumbi. Hiyo 1080p isikubabaishe. Ni ukubwa wa picha tu, na ukubwa wa ndoo hausemi maji yametoka kisimani au mtaroni. Isitoshe, jina la faili huandikwa na mtu kwa vidole vyake. Mumeo ameandika uongo, nawe umeuuza.

Ila umeshika mkia ukadhani ni kichwa. Umesema kila anapokohoa picha inatikisika. Flash mbovu haisubiri mtu akohoe. Picha inatikisika kwa sababu kifua kinachokohoa na mkono ulioshika kamera ni vya mtu mmoja. Mumeo hakunaswa kwenye rekodi ya mwingine. Yeye ndiye aliyerekodi.

Mwanamke? Yupo, na sitakudanganya kwamba ni malaika. Anaweza kuwa hawara. Anaweza kuwa mshirika aliyewekwa pale ili walinzi waone wapenzi wawili, wasione kamera. Anaweza kuwa mtu baki aliyefurahia filamu. Kicheko hakina kitambulisho. Wewe umeshughulika naye huyo, ukaacha linaloweza kukupeleka mahakamani. Akija mkaguzi leo hataulizia nani alicheka. Atauliza leseni ni ya nani. Wala usijifanye mgeni, mama. Kunakili kazi za watu bila ruhusa mlikuwa mkifanya hata kabla ya kikohozi. Kilichoongezeka ni kwamba sasa sauti yake imo, na kinyozi na wateja wake wote wameitambua.

Acha kuuza filamu hiyo leo, na zote msizo na ruhusa nazo. Chaja na vifuniko vya simu vitakulisha mpaka upate la halali. Kisha funga mlango mchana kweupe, mkalishe mumeo, uiwashe filamu, na akikohoa ndani ya spika usiseme neno. Mwache ajisikie. Halafu muulize anamrekodia nani, na nani alikaa kando yake. Anza na la kwanza. Ukianza na mwanamke atakuita mwenye wivu, mtagombana hadi jioni, na la kamera litatoroka kwa mlango wa nyuma.

Akijibu yote mawili, mna pa kuanzia. Akikurudisha kwenye televisheni ya shangazi, badilisha kufuli la duka siku hiyo hiyo. Leseni ni yako. Funguo nazo ziwe zako.