Kahawa ya Mwenye Nyumba

Ibra, Jumatano, Machi 1982

Na kahawa kainywa! Mume wangu, na adabu zake za Unguja, kapewa kikombe na mwenye nyumba, kakimaliza palepale, ndipo akatoa haja yetu: tuongezewe mkataba wa fleti mwaka mmoja tu, watoto wamalize shule. Mzee akatabasamu. "Wallahi, mwanangu anaoa. Mwezi ujao mtoke."

Jioni nikamhadithia jirani yangu Zuwena, mzaliwa wa hapa hapa Ibra. Akajishika kichwa. "Kainywa? Hapa kwetu mtu akija na haja hukiweka kikombe chini, hakigusi mpaka akubaliwe. Mzee angeona haya kukataa. Keshakunywa, basi tena."

Kuta nimezipaka rangi kwa mikono yangu. Mabomba tumetia sisi. Sasa bibi harusi ataingia pameshatengenezwa.

Mume wangu kalala, anakoroma. Kaniambia kahawa ilikuwa nzuri, ina hiliki.

Marehemu baba, kila siku kule Unguja, akiutaja mji huu wa babu zake Waarabu: "Kwetu Ibra, kwetu Ibra." Kwetu! Hata kikombe cha kahawa hatujui kukiacha.