Sala Ambayo Hukuimaliza

Baba,

Shikamoo. Ulinifundisha kwamba barua inaanza kwa kumuulizia mtu hali yake, halafu unasema ya kwako, ndipo unaingia kwenye shida. Sasa hali yako nitaiuliziaje? Ya kwangu ni nzuri. Nakula, nalala, asubuhi nafungua genge, jioni nafunga. Hapa Kwamndolwa wananiambia, Mama Joshua, umejikaza sana, Mungu amekutia nguvu. Naitikia amina. Hawajui kwamba sijajikaza kitu. Sisikii chochote tu, Baba. Ni kama mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi. Unauona ni wako, unaupiga, na wenyewe uko kimya.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo siwezi kumwambia mtu mwingine. Mama namwonea huruma. Mchungaji wangu nilimwambia, na nitakueleza kilichotokea. Umebaki wewe. Jambo lenyewe ni kwamba sijui uko wapi.

Tulibishana tangu wiki ile niliyookoka, unakumbuka. Nilikuja Misima na Biblia mpya, nikakuambia njia ni nyembamba na waionao ni wachache, na kwamba kubatizwa utotoni na kukaa mzee wa kanisa miaka yote hakumfikishi mtu popote kama hajatubu kwa kinywa chake. Ulikuwa unapukuchua mahindi. Ukasema, "Wachache hao, nani kawahesabu?" Ukaendelea kupukuchua. Toka siku hiyo nikawa Afisa Uhamiaji. Kila nikishuka kwenye gari kuja kuwasalimu, nakusikia unamwita mama kwa sauti, "Mama Neema, toa vibali, Afisa Uhamiaji wa mbinguni amefika!" Mama anacheka mpaka anashika mlango. Mimi nakasirika kweli kweli, halafu nakula ugali wenu.

Siku moja tu ndiyo hukutania. Nilikuwa nimesema wasiomkiri Yesu wanapotea wote, hakuna cha jirani mwema wala nini. Ukasukuma sahani. Ukaniambia habari ambayo nilishaisikia tangu mtoto, lakini siku hiyo uliisema kama unaniletea mashitaka. Kwamba babu alikuja kukata mkonge, manamba, hana ndugu huku. Kwamba mama yako alifariki ukiwa bado mchanga, pale pale kambini, na mke wa manamba mwenzake, Bibi Mwanaidi, alikuwa ananyonyesha mtoto wake. Akakuchukua. Mwanawe ziwa moja, wewe ziwa moja. Bibi Mwanaidi aliswali sala zake tano mpaka anaingia kaburini. Ukaniuliza, "Huyo mama wewe unamweka wapi, Neema?" Nikakujibu mimi siweki mtu popote, Neno ndilo linaloweka. Ukasema, "Loh! Neno limeona haya kunitazama usoni, likakutuma wewe." Ukatoka nje. Nilikusikia unawasemesha mbuzi.

Basi, ndivyo tulivyokuwa. Lakini ulipougua, ukajaa maji kwenye mapafu, nani alikung'ang'ania uletwe Korogwe? Mimi. Nilisema ni kwa sababu hospitali iko karibu na kwangu, nitakuletea uji. Ni kweli. Ila nilikuwa na langu pia, na nadhani ulilijua.

Unaijua huduma yangu. Kila wiki mimi na akina mama wa kikundi cha maombi tulipita wodini. Tunamsalimia mgonjwa, tunamnywesha uji kama hana ndugu, tunamshika mkono, tunamwambia rudia maneno haya nyuma yangu. Sala ya toba si ndefu. Wengine waliirudia wakapona, wengine waliirudia wakafa kabla hatujarudi, na hao waliokufa nilikuwa na hakika nao kama nilivyo na hakika na nyanya nilizozipanga mezani kwa mkono wangu. Nilirudi nyumbani nikasonga ugali, nina amani.

Siku yako ilikuwa mchana, saa ya kuona wagonjwa. Sikuja na wenzangu. Nilijua ukiwaona wengi utaanza utani wa vibali. Nikakushika mkono, ukanitazama, ukasema, "Haya, Afisa, andika." Ulikubali, Baba. Nikasema Bwana Yesu, ukasema Bwana Yesu. Nikasema mimi ni mwenye dhambi, ukasema, tena ukaongeza kwamba si kidogo. Nikasema naomba uniokoe. Ukasema naomba uniokoe, halafu hukunyamaza. Ukaendelea mwenyewe. Mimi na Mama Neema. Na Bibi Mwanaidi. Na rafiki yangu Athumani na wote wa nyumbani kwake. Na yule aliyeniibia beberu, jina lake unalo Wewe.

Nilidhani ni homa. Nikakutazama machoni, yalikuwa meupe, yametulia, na ulikuwa na kile kicheko chako cha pembeni mwa mdomo. Nikakuambia polepole, baba, sala hii ni ya mtu mmoja mmoja. Kila mtu anajiombea yake. Ukasema, "Ahaa. Basi tuiache hapo, mwanangu, nimechoka. Tutamalizia kesho." Ukaniuliza kama nimekula.

Asubuhi nilikuja na uji nikakuta godoro limekunjwa. Uji ule nilimpa mzee wa kitanda cha pili. Alinishukuru sana. Nilisimama pale mpaka akamaliza, nikachukua chupa yangu. Hapo ndipo ganzi ilipoanza.

Tulikuzika Misima kama ulivyotaka. Athumani na wanawe ndio walioshika majembe kabla hata wanakwaya hawajafika, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu na wewe ulichimba makaburi ya kwao yote. Mchungaji wako, yule mpole wa kanisa la zamani, alisema uko mikononi mwa Bwana. Alilisema kirahisi hivi, kama mtu anayeulizwa baba yuko wapi anajibu amekwenda shamba. Nilimwonea wivu. Nilitupa udongo wangu. Shangazi zangu walinishika huku na huku wakisubiri nianguke, na mimi nilikuwa nahesabu sufuria tulizoazima, za nani na nani. Wakasema, huyu analia kwa ndani. Kwa ndani hakukuwa na mtu, Baba.

Mama hajauliza. Yeye anasema umepumzika, halafu anauliza nani atatengeneza zizi kabla ya mvua. Nimemlipia kijana wa jirani, zizi limesimama. Mbuzi wako wale wawili wakorofi ameuza mmoja. Redio yako ameigeuza, inatazama ukutani, lakini anaiwasha saa ya taarifa ya habari.

Jumapili niliyorudi kanisani kwetu, Mchungaji alinipokea vizuri mno. Sikatai, ni mtu anayenipenda. Alinisimamisha mbele, akaliambia kanisa kwamba mzazi wa dada yetu Neema alimpokea Bwana saa ya mwisho kitandani, na aliyemwongoza ni binti yake mwenyewe. Sikuwa nimemwambia hivyo. Aliona tu haiwezekani ikawa vingine, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa pale. Kanisa lilipiga kelele, vigelegele, kinanda kikaingia. Akanipa kipaza sauti nitoe ushuhuda.

Ningeweza kusema amina, nikaketi. Ungekuwa mbinguni hadi leo hapa Kwamndolwa, hakuna ambaye angekutoa. Lakini si unajua jinsi nilivyo. Nikasema, "Hakuimaliza ile sala."

Mtu wa kinanda akaondoa vidole. Mchungaji alinitazama, nikaona anavyoumia kwa ajili yangu, halafu nikaona anavyokumbuka kazi yake. Alichukua kipaza sauti taratibu. Akasema, "Mnaona, ndugu zangu? Alisema kesho. Leo ndiyo siku." Hilo la kesho nilimwambia mimi hapo hapo, alipouliza kwa nini. Akaita watu waje mbele. Walikuja, Baba. Sijawahi kuona watu wakija kama walivyokuja siku ile. Vijana, wazee, na Mama Zawadi anayekaanga vitumbua karibu na genge langu, ambaye nimemsihi hadi akawa ananikimbia. Alikuja analia, khanga imemvuka kichwani. Walikuja kwa sababu yako. Wewe ndiye uliyewatisha.

Na kazi ya kuwaongoza waliokuja mbele ni yangu. Nilimshika Mama Zawadi mkono, akanitazama akingoja nianze. Maneno nayajua kama jina langu, hayakutoka. Nilimshika tu. Mwisho dada mwingine wa kikundi akamchukua akamwongoza, nami nikabaki nimeshika mkono wa hewa. Tangu hapo sijaenda wodini. Wenzangu walikuja nyumbani kunitazama na sukari na sabuni, wakaniombea, wakasema nikiwa tayari nirudi. Mchungaji amesema nipumzike kwanza. Hakusema kwa ubaya.

Usifikiri umenishinda ubishi, Baba. Mistari yangu ninayo yote. Nimeisoma tena huku gengeni, wateja wakinisubiri, nikitafuta tundu la kukupitisha. Nikiona mmoja unaosema anataka watu wote waokolewe, nafurahi, nafungua ukurasa mwingine nakuta mlango umefungwa na watu wako nje wanabisha hodi. Yote miwili imo. Wewe uliushika mmoja, mimi nikaushika mwingine, na tulipokuwa wote wawili hai ilikuwa mazungumzo ya kulia ugali. Sasa si mazungumzo. Nikisema mimi ndiye niliye sahihi, ni wewe unayeungua. Nikisema wewe ndiye uliye sahihi, basi wale wote niliowakimbilia wodini na uji wangu, nilikuwa nawakimbiza wapi? Nilimwacha Joshua na homa nyumbani, nikaenda kwa watu wale.

Arobaini yako ilifanyika juzi. Mbuzi alichinjwa na Athumani, kama siku zote kwenye shughuli zako, ili kila atakayefika ale bila wasiwasi. Baada ya kuosha mikono alikuja nilipokuwa nachambua mchele, akachuchumaa. Unajua hana mzunguko. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea mambo haya. Rafiki yangu yuko wapi?"

Mzee mzima, Baba, Mwislamu, ananiuliza mimi. Na hakuwa ananitega. Alitaka kujua. Nikamwambia, sijui, mzee wangu. Akaokota chuya kwenye ungo wangu, moja moja. Akasema hata kwao wapo wanaomwambia asikuombee, kwamba haikufai kitu wala haimfai yeye. Akasema anakuombea hivyo hivyo, kwa sababu hajui kuacha. Akaniuliza kama mimi nakuombea. Nikasema hapana, kwetu aliyekufa haombewi, mambo yake yameshafungwa. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniuliza, bila ukali wowote, "Sasa unalala?"

Nikalia. Hapo mbele ya ungo, makamasi yananishuka kwenye mchele wa watu. Kidogo tu, si kilio cha maana, halafu ganzi ikarudi mahali pake. Lakini nilisikia kwamba bado mguu ni wangu.

Basi nimeamua, na hili ndilo nililotaka kukuambia. Wiki ijayo nitarudi wodini. Kwa Mchungaji nitaomba ruhusa, akikataa nitakwenda kama mtu wa kawaida, saa ya kuona wagonjwa. Nitapeleka uji. Anayetaka sala nitasali naye, nitamsikiliza mpaka mwisho hata akisema yasiyokuwemo. Anayetaka kulala nitamwacha alale. Akifariki na watu wakaniuliza kama aliokoka, nitasema nilikuwa pale, alikunywa uji, mengine muulizeni mwenye nyumba. Najua watanisema.

Na kwako ahadi yangu ni hii. Sitasema uko mbinguni ili watu wanipigie vigelegele, na sitakubali tena mtu akusimamishe mbele ya kanisa kuwa mfano wa moto. Nitaishi bila kujua. Ni vigumu kwangu kuliko unavyodhani, mimi niliyekuwa najua kila kitu. Lakini bado naamini kuna milango miwili, Baba, siwezi kukudanganya, sijaacha. Na siku yangu itakapofika, nikaambiwa ingia, nitauliza kwanza yule mzee wa Misima aliyenyonyeshwa na Bibi Mwanaidi aliingilia wapi. Wakinionyesha mlango mwingine, nitashukuru, nitavua viatu vya mbinguni watakavyokuwa wamenivika, nitakuja huko.

Kwaheri, Baba. Popote walipokuweka, nibakizie nafasi.

Mwanao,
Neema