Charity Hana Cheti

Celestine, uko? Nimetoka sasa hivi na Charity kwa ofisi ya kampuni iliyomwajiri marehemu Absalom.

Tulienda kuulizia malipo ya marehemu. Si unajua alifia kazini, kwa lori lao? Karani akasema, "Malipo ni ya mke. Lete cheti cha ndoa."

Charity akaanza, "Hatukufunga ndoa, lakini tumeishi..." Nikamfinya mkono.

Karani akainua macho. "Mliishi pamoja bila ndoa? Hapa Riyadh?"

Miaka sita, Celestine! Miaka sita! Lakini huku ni kosa la jinai; akikubali, ni polisi. Akikataa, hapati kitu.

Machozi yakamtiririka tu.

Karani akamsukumia fomu. "Andika wewe ni nani wake."

Akaandika, "Jirani."