Shamba Lisilopigwa Plau

Jumatatu, 4 Machi
Mama watoto kapanda maharage bila kulima! Katoboa matundu katikati ya mabua ya mahindi ya msimu uliopita, kadumbukiza mbegu, kafukia kwa kisigino. Na mumewe, mimi hapa, ni dereva wa trekta! Jirani kaniuliza kama plau nimeuza. Nimeapa sitii mguu mle. Ila humu niseme kweli — yakistawi, nani ataniita tena nimlimie? Nyumba hii inakula kwa plau.

Jumatano, 27 Machi
Maharage njano tupu. Moyoni nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikamwambia, si nilikwambia? Hakununa. Eti mabua yakioza yanakula naitrojeni ya udongo kwanza, maharage yanangoja zamu. Atayaongezea mbolea ya urea kidogo, mvua ikikaribia. Zamu! Kama foleni ya bombani.

Ijumaa, 29 Machi
Kiherehere changu. Jana asubuhi nilimwaga urea mistari miwili ya pembeni, juu ya mabua yenye umande, nionekane na mimi nimo. Leo jua kali na shamba linanuka choo! Pua inawaka. Mama watoto kanusa, kacheka mpaka kakaa chini. Mbolea yako hiyo inageuka hewa, inapaa, baba watoto. Inapaa! Nikabaki natazama juu kama zuzu.

Jumapili, 31 Machi
Wingu zito. Kaniita mbio — sasa! Tukamwaga urea yake, mkono mwepesi, kando ya mistari. Mvua hiyooo. Tumelowa chapachapa.

Jumanne, 9 Aprili
Sijui niandike vipi. Kijani! Kijani cha kutisha. Isipokuwa mistari yangu miwili, aibu yangu iko hadharani.

Mama watoto kang'oa mche, kanionyesha vinundu mizizini, kama punje za mtama. Kapasua kimoja kwa ukucha. Chekundu ndani! Kama nyama. Anasema humo vinaishi vijidudu visivyoonekana, vinavuta naitrojeni hewani na kuulisha mmea. Urea ilikuwa ya kuuvusha tu wakati mabua yana njaa. Hewa hii hii ninayovuta mimi! Miaka yote nimepita juu ya udongo, sijawahi kushuka kuuangalia. Nimefunua mabua: chini kubichi, baridi, nyungunyungu kajikunja. Nikajikuta nanong'ona.

Jumamosi, 13 Aprili
Naandikia kwenye usukani. Jirani yule yule kaja na dizeli yake, nikamlimie shamba. Mama watoto kanimiminia chai, kaenda zake kwenye maharage.

Nimefika, nimewasha. Mabua yake yamelala chini, kama yetu. Kanionyesha pa kuanzia. Nikamwambia ngoja kwanza, nikashuka, nikapiga magoti, nikafunua. Kubichi. Nyungunyungu wamejaa! Akauliza nimedondosha nini. Nimerudi kitini.

Injini inanguruma. Unga nyumbani umebaki wa leo tu. Plau bado iko juu, mkono wangu hautaki kuishusha. Jirani anapiga kelele huko chini — unalima au hulimi?